Juliana Banzi, Fundi Cherehani Aliyepanda Jabali

Marehemu Juliana Aloisi Banzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kata ya Kibuta, wilayani Kisarawe, mtoto wa pekee wa marehemu Mzee Aloisi Banzi na Mama Efrazia, ambaye yuko nasi hapa. Mama Efrazia anasema siku hiyo ukungu ulikaa juu ya mikorosho hadi karibu na adhuhuri. Mkunga alipotoka nje kutoa habari hakuonekana, ilisikika sauti tu ikisema ni msichana. Juliana alipenda kusema kwamba yeye alizaliwa ndani ya wingu.

Maneno haya ni yangu mimi, Matilda wa Mbwawa, Kibaha, mke wa ndoa wa marehemu Samweli Kidunda. Mimi shule sikupelekwa, kwa hiyo binti yangu Flora ndiye aliyeyaandika, na ndiye anayeyasoma mbele yenu. Jana wako walioniuliza kwa nini niwe mimi, na wako waliouliza nikiwa nimewapa mgongo. Ni kwa sababu Juliana alitaka hivyo, na kwa sababu kuna ombi lake moja sijalijibu. Aliomba mtoto wake, Dina, apokewe Mbwawa na ndugu zake wa baba mmoja. Nitalijibu leo, mkishajua alikuwa mtu gani.

Juliana alisoma shule ya msingi hapahapa Kibuta kuanzia mwaka 1992 hadi 1998. Mwalimu wake alimkuta mara nyingi akitazama dirishani. Siku moja akamuuliza anaona nini kule, Juliana akajibu anaona kule. Mwalimu akauliza kule wapi. "Kule tu, mwalimu," akasema, na darasa zima likacheka. Alipomaliza darasa la saba alijifunza kushona kwa masista wa parokia.

Tangu mwaka 2003 alikuwa na cherehani yake barazani, Kisarawe mjini. Alishona sare za shule, gauni za kipaimara na suruali za wanaume waliotaka zipunguzwe. Alishona huku akiimba nusu ya wimbo. Nusu ya pili hakuwahi kuijua, lakini wateja walisema hawakuikosa.

Kuhusu ndoa, marehemu hakufunga. Mwaka 2009 Samweli, aliyekuwa dereva, alisimamisha gari mbele ya baraza lile akitaka kupunguza suruali. Wakati huo mimi nilikuwa hai, nipo Mbwawa, napalilia mihogo na kulea watoto wake wawili. Dina alizaliwa tarehe 2 Septemba 2012. Samweli alifariki ghafla kwa presha mwaka 2017, na siku ya kumzika ndipo nilipomwona mwanamke nisiyemjua, ameshika mkono mtoto mwenye paji la uso la mume wangu. Sikuhitaji kuelezwa. Baadaye Juliana alikuja nyumbani kwangu zaidi ya mara moja, akasimama mlangoni na mtoto, akisema hataki chochote ila Dina awajue ndugu zake. Sikumfungulia. Mtu asinilaumu kwa hilo, maana mlango ulikuwa wangu.

Sasa niseme habari ya jabali, ambayo wengi mmeisikia kama kichekesho.

Samweli kwa miaka mingi aliwapeleka wageni kwenye jabali moja nje ya Morogoro, kwa mwalimu wa kupanda anayeitwa Mudathir. Alikuwa akimwahidi Mudathir kwamba siku moja atamleta na mkewe afundishwe. Katika ahadi za Samweli hiyo ndiyo pekee iliyonifikia, tena yeye akiwa kaburini. Alikuwa amemwachia Mudathir namba mbili za simu, zote za "mke wangu". Mudathir aliona ni kawaida, mama wa watu ana laini mbili kama sisi wote. Mwezi wa sita mwaka 2021, akitaka kuitimiza ahadi ya marehemu, akapiga ya kwanza, nikapokea mimi, nikakubali. Kisha akapiga ya pili kuhakikisha, akapokea Juliana, ikabidi aeleze upya. Alituambia alisikitika kuona mke wa Samweli amekuwa msahaulifu hivyo.

Tukakutana stendi ya Morogoro, kila mmoja na mfuko wake. Mudathir alitutazama, akavua kofia, akaivaa tena. Nilitaka kugeuza. Lakini nikaona nikiondoka mimi, atakayebaki kuitwa mke wa Samweli ni yeye. Nikabaki. Juliana naye nadhani aliwaza hivyohivyo.

"Basi," Mudathir akasema, "kamba ina ncha mbili."

Huku kwetu hakuna jabali. Mawe tunayoyajua ni mafiga. Siku za kwanza Mudathir alitufundishia chini, kufunga mafundo na kupachika vipande vya chuma katika nyufa za jiwe. Msumari alikataza. Unatafuta ufa unaokipokea chuma, unakipachika, unakivuta kwa nguvu, ukikiamini ndipo unapitisha kamba. Anayekuja nyuma anavitoa vyote, na jabali linabaki kama lilivyokuwa. Huwezi kulipanda lote kwa mara moja. Unalipanda kipande kwa kipande: mmoja anatangulia hadi kwenye kibaraza cha jiwe, anajifunga pale, kisha anamvuta mwenzake kwa kamba. Juliana alijifunza upesi. Alipitisha vidole kwenye ufa kama anayetafuta mshono ulipofumuka. Mimi nilijifunza polepole, lakini kushika kamba nilijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu nimechunga mbuzi wakaidi.

Siku ya mwisho tulipanda jabali lenyewe. Vipande viwili vya kwanza Mudathir alitangulia. Cha tatu akampa Juliana atangulie, nami nikapewa kamba yake. Mudathir alining'inia pembeni kwa kamba nyingine akikagua kila fundo.

"Mama," akaniambia, "ukiachia, huyu anakufa."

Nikamwambia najua.

Nadhani Juliana alisikia, maana kila alipopanda kidogo aliuliza kutoka juu, "Dada, umenishika?" nami nikajibu nimekushika. Aliuliza hadi nikamwambia akiuliza tena nitafikiria. Akacheka, na kicheko chake kikashuka kwenye kamba, nikakisikia mikononi.

Nilipomfikia kwenye kibaraza, wingu lilikuwa limekuja. Lilipita chini ya miguu yetu, likafunika mashamba na barabara, mwisho likafunika hata kamba tuliyopandia. Palikuwa kimya. Tulikaa tumefungwa bega kwa bega kwenye jiwe lililokuwa bado na joto, kama watu waliosahauliwa na dunia, na hapakuwa na mlango wa kufunga.

"Aliniambia umekufa," Juliana akasema.

Nikamuuliza nani.

"Baba Dina. Aliniambia mke wake alifariki kwa uzazi. Alilia, dada. Mimi ndiye niliyemfuta machozi."

Nikataka kujua kama alilia sana. Akasema alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Kisha akasema, "Nimekuombea kila Novemba. Mwezi wa marehemu nilikuwa natoa jina lako kanisani, linasomwa pamoja na la baba yangu. Kila mwaka, mpaka siku tuliyomzika ndipo nikakuona umesimama pale."

Ndugu zangu, sijui nilichofikiri. Niliiona mikono yangu ndani ya ukungu, nikaona kama si yangu. Kwa muda sikujua kama mimi ndiye niliyekuwa Mbwawa miaka yote ile, au ni yule wa Novemba, Matilda mwingine aliyekufa akapumzika na kutajwa jina lake kanisani na mtu anayemtakia mema. Mimi niliye hai, nilikuwa na miaka mingi sijasikia mtu akiniombea. Nikaanza kucheka. Juliana naye akacheka. Mudathir alipaza sauti kutoka ndani ya wingu akiuliza kama kuna aliyeumia.

Tuliponyamaza Juliana akasema, "Basi mpokee Dina."

Nikamwambia asinibane juu ya jiwe. Akasema sawa, ataniuliza tukiwa chini.

Aliniuliza tukiwa chini, na aliniuliza kila kiangazi, kwa sababu mwaka 2022 na 2023 tulirudi tena kwa Mudathir. Urafiki siwezi kuuita. Hatukutembeleana. Alikuwa mtu ambaye mikono yangu iliujua uzito wake, na kwa mume wangu wa ndoa siwezi kusema hata hilo.

Mwezi wa pili mwaka 2024 marehemu alianza kuumwa. Madaktari walisema ni saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi kwenye cherehani, kisha ugonjwa ukamrudia. Ndipo nilipokuja Kibuta kumsaidia Mama Efrazia kumuuguza. Nilipomwinua kitandani mara ya kwanza, mikono yangu iliutafuta ule uzito wake isiukute. Mchana alilala macho wazi. Alisema anaona jabali kwenye ukuta, tena lina nyufa nzuri, akanionyesha kwa kidole kila mahali pa kupachika chuma. Nilimwambia apandie pale, ni pazuri. Dina alikaa miguuni akitusikiliza. Hakuwa ananiita jina lolote, mimi naye vilevile.

Siku ya mwisho niliyokuwa naye hakuniomba chochote. Aliniuliza tu kama Mbwawa kuna mvua, nikasema hakuna. Alifariki Ijumaa, tarehe 8 Agosti 2025, mikononi mwa mama yake.

Jibu nilikuwa nalo. Nililizuia kwa sababu ya hasira yangu kwa Samweli, na hasira hiyo ninayo hadi saa hii. Samweli nimemwachia Mungu, mimi simwezi. Lakini Juliana alidanganywa kama nilivyodanganywa, na mtoto hakumdanganya mtu yeyote.

Marehemu ameacha mama mzazi, Efrazia Banzi. Ameacha binti mmoja, Dina Samweli Kidunda, mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Dina anaye kaka yake, Justin, ambaye leo amebeba msalaba, na anaye dada yake, Flora, ambaye sauti yake ndiyo mnayoisikia. Anaye mama mkubwa, Matilda. Ataishi Mbwawa, chumba kimoja na Flora, na shule zikifunga atakuja Kibuta kwa bibi yake. Mwenye neno juu ya hilo anione mimi, asimwone mtoto.

Apumzike Juliana kwa amani. Dina ana kwao.