Nani Anachemka?

Benchi liko nje ya duka langu la ushonaji, na kuliweka pale ndilo kosa langu kubwa maishani. Siku hiyo walikuwepo wale wale: Karani, aliyestaafu ofisi lakini hajastaafu kusahihisha watu, Nyaya, fundi redio, na Saruji, mwashi ambaye sikumbuki mara ya mwisho alijenga nini. Katikati yao, birika la kahawa. Saa tano na kitu akaja mke wangu na karatasi ya mazoezi. Ni mhudumu wa wodi, anataka kuwa nesi, na mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuoni ulikuwa saa nane mchana huohuo. Ameshaanguka mara mbili, maswali yaleyale ya kusahihisha sentensi. Akianguka ya tatu, chuo hakimpokei tena. Nilimwomba asiwaulize hawa. Akawauliza.

— Mzee, hii ina kosa gani? “Boiling on the stove, the nurse removed the needles.”

Karani akavaa miwani.

— Haina kosa. Zikichemka jikoni, nesi alizitoa sindano. Safi kabisa.

— Hata mimi nilisema hivyo. Nikakosa.

— Shemeji, tatizo ni hiyo koma, akasema Nyaya. Koma ni fyuzi. Ikiungua, maneno ya huku hayafiki kule. Mimi ningebana waya tu.

— Fyuzi gani! akadakia Saruji. Watunga mitihani hao hawajawahi kuchemsha sindano. Wanachemsha watu!

Mke wangu hakucheka. Alikuwa bado ameikodolea macho karatasi.

— Mzee, umesema “zikichemka”. Hiyo “zi” umeitoa wapi?

— Ya sindano, mwanangu.

— Kwenye Kiingereza iko wapi?

Karani akasoma. Akageuza karatasi, akatazama hata nyuma.

— Wameisahau.

— Hawana, mzee! Tunaitia wenyewe kichwani, ndiyo maana tunaona sawa. “Boiling” yenyewe haijui ni ya nani, inamdaka yeyote aliyesimama baada ya koma.

— Aliyesimama pale ni nesi, akasema Nyaya.

— Basi nesi ndiye anachemka.

— Maskini! akasema Saruji. Sasa mbona wametoa sindano kwanza?

Karani, heshima imemponyoka, akadai swali jingine. Mke wangu akasoma:

— “A nurse must be clean, patient and to work fast.”

— Awe safi, mvumilivu, na kufanya kazi haraka, akasema Saruji taratibu. Ah, hii hata mimi naiona. Tofali, tofali, halafu kiroba cha mchanga! Ukuta gani huo? Vyote viwe tofali.

Tukamtazama kwa mshangao. Mke wangu akaandika haraka: tofali, tofali, tofali.

— Kwa hiyo dawa yake, Saruji akaendelea, ni kutia “to” kila mahali.

— Mfuteni nesi, akasema Nyaya. Bila nesi hakuna kosa.

— Nesi safi anatosha, akaamua Karani. Hayo mengine ni tamaa.

Nikashindwa kuvumilia.

— Jamani! Mtu anahangaikia chuo, zimebaki saa mbili, nyie mnaleta mizaha!

— Na wewe fundi, umechangia nini? akauliza Karani.

Nikainamisha birika, yakatoka machicha matupu. Hapohapo akatokea msusi wa duka la pili.

— Fundi, suruali ya mume wangu iko tayari?

Mke wangu akakunja karatasi, akaitia mkobani.

— Mzee, sahihisha hii ya mwisho. “Akiwa amekaa benchini tangu asubuhi, suruali za wateja hazijatiwa pindo.”

Karani akafikiri, kidole juu.

— Hapo kuna kosa. Suruali haikai benchini.

— Enhe. Sasa nani amekaa?

Saruji alijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Msusi alinitazama moja kwa moja.

Mke wangu alikuwa ameshavuka barabara, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda, na mimi nikaacha kuuogopa mtihani wake. Nikaingia dukani kutafuta sindano.