Chiza, Anayewafuata Mapacha

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Najua baadhi yenu mnashangaa kuniona mbele hapa. Mimi ndiye Neema ninayekaa benchi la nyuma na kumuuliza mchungaji maswali baada ya ibada. Leo sina swali. Nina jambo lililonitokea, nami nitalisema kama lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Chuoni nasoma sayansi ya udongo. Mwaka huu nilichaguliwa kwenda Ujerumani muhula mmoja, kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Gharama zote zililipwa. Kilichobaki ni pasipoti, na nikichelewa, nafasi inakwenda kwa mwenzangu aliyenifuata kwa alama.

Afisa wa uhamiaji aliyenihoji alikuwa kijana mpole, mgeni huku kwetu.

"Dada, baba yako ni Bigirimana. Wewe ni Neema Chiza. Chiza ni nani?"

"Ni mimi."

"Naona ni wewe. Nauliza, umelitoa wapi?"

Nilimweleza kwamba kwa Waha kila mtoto hupewa jina lake, halirithiwi. Akatikisa kichwa. Majina yetu na ya Warundi ni ndugu, na mtu wa mbali hawezi kuyatenganisha; alishuku kwamba mimi si raia. Akataka mtu wa upande wa baba. Ndugu zangu, baba yangu mlimzika ninyi wenyewe, nikiwa darasa la tano. Hakuacha kaka wala dada.

Nilirudi Kasulu nikiwa nimekata tamaa. Nilianza hata kumwandikia mratibu wa chuo kwamba nafasi wampe mwingine. Mama akasema twende kwenye maombi ya Jumatano. Nikamuuliza, Mungu atabadilishaje jina ambalo liko kwenye vyeti vyote?

"Uliza," akasema. "Lakini uliza ukiwa umepiga magoti."

Nikapiga magoti. Sikusikia sauti wala sikuona maono. Niliumia magoti tu. Asubuhi mama akawapigia kaka zangu, Bukuru na Butoyi, walioko kijijini Kumsenga. Mnawajua, wale mapacha wasioweza kutofautishwa hata na wake zao. Tukaenda wote wanne.

Afisa akawauliza majina yao, kisha akaweka kalamu chini.

"Baba mmoja, watoto watatu, majina matatu. Mama, umekuja kunipunguzia kazi au kuniongezea?"

Wakati huo akaingia mkuu wake, mama mmoja Muha, mzaliwa wa Kakonko, amebeba kikombe cha chai. Akawatazama kaka zangu, mmoja kisha mwingine, akacheka.

"Bila shaka ninyi ni Bukuru na Butoyi. Na huyu binti je?"

"Anaitwa Chiza," afisa akajibu.

"Ungeniuliza mimi, baba. Kwetu mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, na anayezaliwa baada yao huitwa Chiza. Wamekuletea ukoo mzima hapo mezani, unataka nini tena?"

Afisa akacheka naye. Mama yangu akala kiapo kwamba sote watatu ni watoto wa Bigirimana. Pasipoti ilitoka kabla nafasi haijafungwa.

Ndugu zangu, nimelipima jambo hili kila upande. Naweza kusema ni bahati tu kwamba mkuu yule aliingia saa ile, na sitagombana na atakayesema hivyo. Lakini kuna kitu sijaweza kukipangua. Siku ile ya Jumatano niliomba jibu, na jibu lilikuwa limeshazaliwa kabla yangu, tena mara mbili, likilima mihogo Kumsenga. Kwa hilo namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi mlioniombea, na mama yangu.

Vijana mlioko vyuoni, nafasi hizi zikitangazwa, ombeni. Msijiondoe wenyewe kwa sababu ya jina au mlikotoka. Na wewe mwenye maswali kama yangu, usisubiri yaishe ndipo umtumaini Mungu. Mimi naondoka wiki ijayo, na yangu naondoka nayo yote. Magoti nayo nayabeba.