Tanuri la Daktari Bado

Kijiwe chetu hapa Samaru, mjini Zaria, ni benchi moja refu lililokaa kati ya meza ya chai ya Tanimu na mlango wa duka langu la kushonea. Watatu hatutoki hapo: Tanimu mwenyewe, Mzee Minista, karani mstaafu wa reli ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote ila kila jambo analitolea tamko, na mimi Ilu, fundi nguo. Wa nne ni Balarabe. Tunamwita Daktari Bado, kwa sababu huu ni mwaka wa tisa anasomea udaktari wa vigae pale chuoni na bado. Jina lilianza kama utani. Siku hizi nikilisikia linaniuma.

Vigae vyake si vya bafuni. Anakandamiza unga mweupe uwe vidonge, anavichoma, kisha anavichanganya na plastiki ngumu ili visivunjike. Ukikikanyaga kigae kinatoa umeme, na kinautunza mpaka uuhitaji. Msinibishie, nimeona kwa macho yangu kimoja kikiwasha kijitaa cha ukubwa wa punje ya mtama. Kazi iko kwenye kuchoma: tanuri linataka saa nne mfululizo, na umeme ukikatika katikati, unga wote umekufa. Tanuri la chuo liliharibika mwaka juzi, akaleta lake dogo, akaliweka chumba cha nyuma ya duka langu. Amechoma mara sita, na mara sita umeme umekatika. Unga uliobaki ulikuwa wa mara moja tu, na barua ya chuo ilisema asipofika Ijumaa na vigae mkononi, jina lake linafutwa.

Jumanne saa nane mchana, baada ya siku nne bila umeme, ukarudi. Watoto wakashangilia mtaa mzima. Kwetu umeme ukija huulizi utakaa mpaka lini; unachomeka kila ulicho nacho, pampu ya maji, pasi, birika la umeme, kabla haujaghairi. Ndiyo maana fyuzi ya transfoma yetu imeungwaungwa kwa waya kama kiatu cha yatima. Balarabe alizunguka nyumba zote zinazovuta umeme kwenye nguzo yetu, akachuchumaa kwa heshima mbele ya wazee, akaomba wasichomeke kitu kizito hadi magharibi. Wakamkubalia. Kwetu kijiweni hakuchuchumaa. Alisema tu kwamba sisi anatuamini.

Basi tukakaa. Kila baada ya muda anachungulia mlangoni na kutaja joto.

— Nyuzi mia nne, akasema, akarudi ndani.

Minista akakohoa. Akatangaza kwamba vigae vikitoka, vya kwanza vitandikwe mlango wa msikiti, maana Ijumaa watu elfu mbili wanapita pale, na Samaru yote itawaka hadi Jumatatu. Tanimu akasema msikiti ni mara moja kwa wiki, heri chini ya vinu, wanawake wa Zaria wanatwanga kila siku na hawana huruma. Minista akaona amepitwa. Akapandisha hadi njia ya ng'ombe wanaokwenda mnadani, kisha vitanda vya maharusi, na alipofika Abuja, kwenye viti vya wabunge, Tanimu akamkata:

— Hapo utapata giza, Mzee. Wale hawajigeuzi hata wakilala.

Tulicheka, lakini kicheko cha watu wenye roho juu. Kila feni ya dukani ikisuasua, tunanyamaza.

— Elfu moja, Balarabe akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Minista akaenda nyumbani kuswali alasiri. Aliporudi, mikono ya kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, na akasema tenki lake sasa limejaa, alhamdulillahi. Hakuna aliyemuuliza lilijaaje. Tanimu alikuwa anahangaika na mkaa wenye unyevu. Nikageuka kidogo, nilipomtazama tena ameacha kupuliza.

Saa kumi na moja Balarabe akatoka, kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi akicheka na meno yote nje.

— Elfu moja na mia tatu. Imetulia. Imebaki saa moja, ndugu zangu, saa moja tu.

Tukamkumbatia. Akarudi ndani. Na mimi, kwa ile furaha, nikaona kazi imekwisha. Kwenye ndoano ilikuwa inaning'inia nguo ya Malam Shitu, joho jeupe la sherehe ya kumpa mjukuu wake jina. Pasi yangu ya mkaa iliwahi kuitemea majivu nguo ya mtu. Nikachomeka ile ya umeme, nikajiambia dakika tano tu. Walahi hazikufika tano.

Nguzoni kukalia paaa, cheche zikashuka, feni ikazunguka kidogo ikasimama.

Nyuma ya duka tulisikia mlio mdogo, tik, kisha mwingine, kama mtu anavunja njugu. Ilikuwa mingi. Balarabe akatoka na kuketi pembeni ya benchi.

— Vimepasuka, akasema. Vyote.

— Labda umeme utarudi sasa hivi, nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

— Haidhuru, Ilu. Ni bahati yangu tu. Nyinyi mmenivumilia sana, Mungu awalipe.

Nilitamani anitukane. Tanimu akammiminia chai kwa haraka, nayo ikatoa mvuke. Balarabe akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, kisha macho yake yakashuka kwenye jiko. Mkaa ulikuwa mweusi, wote, haujashika hata moto wa kuwashia sigara. Akaishusha chai benchini. Hakuinywa.

Hapo ndipo Malam Shitu akatokea, furaha ya mjukuu wa siku saba ikiwa imemjaa moyoni. Akatusalimia mmoja mmoja, akauliza za nyumbani, za kazi, za uchovu. Akanigeukia kwa bashasha.

— Fundi, nguo yangu umeshaipiga pasi?

Minista akavuta mikono ndani ya kanzu iliyolowa. Tanimu akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Balarabe akainua uso na kunitazama, akisubiri jibu pamoja na mteja. Malam Shitu akauliza tena, taratibu zaidi, akidhani sikusikia.