Mtambo Ulioshuka Darajani

*Jitu la chuma lafika, linakoroga na mawe,*
*Na sisi tuliocheka, tumeshikwa na kiwewe.*

Benchi letu ni la zege, kando ya njia iteremkayo mtoni, mkabala na daraja linalojengwa. Alilimimina Koleo mwenyewe, bingwa wa kuchanganya zege kwa mikono, na hapo ndipo husubiri genge lake la vibarua liitwe kazini. Asubuhi hiyo alikuja amevaa mabuti, maana siku ya kumimina nguzo ilikuwa imewadia. Lakini hakuna aliyetumwa kumwita. Kilichokuja ni mtambo wa kuchanganya zege, umevutwa na lori, ukakunjuliwa kama kitanda cha safari, na kabla Bi Buni, muuza kahawa wetu, hajamimina kikombe cha kwanza, ulikuwa ukinguruma. Tulikaa tumebanana upande wa kushoto, kama siku zote: Koleo, Pipa aliyewahi kuendesha lori la zege, fundi cherehani tumwitaye Mkasi, na mimi.

Koleo: Hicho ni cha maonyesho tu. Subirini kikohoe.

Pipa: Kikohoe nini, kaka? Mimi zege nililitoa mjini, barabara mbovu, jua la utosi. Siku moja likanigandia tumboni mwa lori. Nililichonga kwa tindo wiki nzima, mke wangu akaniletea chakula humohumo ndani ya pipa!

Bi Buni: Ndiyo maana ya jina, shemeji?

Pipa: Ndiyo hiyo. Sasa tazameni: mchanga uko hapa, kokoto ziko hapa, maji ya mto haya hapa. Zege linazaliwa mlangoni pa nguzo. Litagandia wapi?

Mkasi: Na linapimwa! Nimesimama pale nikaona. Mchanga unapita kwenye mizani, saruji vilevile. Mkorogo wa kwanza na wa mwisho ni ndugu mapacha.

Koleo: Jicho langu ndilo mizani.

Mkasi: Jicho linasinzia, kaka.

Koleo: Na wewe sindano yako haisinzii? Suruali yangu ina mguu mrefu na mfupi!

Tulicheka, ila macho yetu hayakubanduka mtoni. Mkanda ulipandisha kokoto kama siafu wanaohama, na kule juu kitu kikubwa kikazimeza bila kutafuna.

Pipa: Wakimaliza hapa, wanakikunja, kesho kipo mlimani kinajenga tangi.

Bi Buni: Kesho kutwa kinamimina barabara huku kinatembea juu yake.

Mkasi: Mimi nasema kitajenga nyumba usiku mmoja. Unalala mpangaji, unaamka mwenye nyumba.

Pipa: Nyumba ni kitu kidogo. Kitapanda milima, kiizibe mito, kiweke ngazi hadi mawinguni!

Bi Buni: Subhanallah! Na huko juu kahawa atauza nani?

Koleo hakucheka. Alikuwa akitazama mabuti yake.

Koleo: Vijana wangu wana watoto. Nitawaambia nini?

Pipa: Nenda kaombe kazi ya kusambaza na kusawazisha. Mtambo hauna mikono.

Koleo: Niombe? Mimi? Wao ndio huja hapa!

Mngurumo ukatulia, walikuwa wakisubiri kokoto zaidi. Dada mmoja mwenye kofia ngumu ya njano akavuka njia, vumbi la saruji hadi kwenye kope.

Dada: Shikamooni wazee. Mama, nipatie kikombe. Ni mimi ninayeuendesha ule mtambo. Tunatafuta watu wa kusawazisha kabla hatujaendelea. Zege likimwagwa halisubiri.

Alipokea kahawa, akatafuta pa kukaa. Akautazama upande wa kulia wa benchi, mweupe na mtupu, kisha akatutazama sisi, bega juu ya bega.

Dada: Samahani wazee wangu. Mbona mmebanana huku, na kule kote hakuna mtu?

Bi Buni akageukia birika lake. Mkasi akatafuta uzi asioupoteza. Zege la upande ule lilichanganywa mwisho, jua likizama, mikono imechoka, maji yakazidi. Ukiukalia, unainuka na mchanga kwenye suruali. Miaka yote tumejibana upande mmoja, na hakuna aliyewahi kumwambia Koleo.

Koleo aliupitisha mkono wake taratibu kwenye ukingo uliomomonyoka. Kisha akautazama mtambo kwa muda mrefu, kama mtu atazamaye mlima aliozaliwa chini yake na hajawahi kuinua shingo.

Koleo: Mwanangu, kaa hapa pangu. Vijana wangu wanafika sasa hivi. Tutasawazisha.

Dada akaketi. Benchini tukawa wanne, tumebanana. Aliyesimama alikuwa Koleo.