Sanduku Lisifunguliwe

Sogeeni wanangu, na wewe kitinda mimba mwambie huyo fundi wa kufuli uliyemkalisha sebuleni amalize chai yake aondoke, maana nimesikia vyuma vyake tangu anaingia, na mimi ni mgonjwa, si kiziwi. Sanduku la chuma lililo chini ya kitanda hiki halifunguliwi leo wala nikishazikwa, na sababu yake mtaisikia sasa hivi mkinyamaza.

Mnajua mgahawa wetu una jina la kampuni mlangoni, na kuku tunaowakaanga ni kwa mapishi ya kampuni. Siku ya kutia saini walinikabidhi bahasha yenye siri ya viungo, imefungwa kwa lakiri nyekundu, wakanisomea mkataba mpaka masikio yakachoka: nisimwambie mtu, awe mke, awe mtoto, na nikifa, yeyote katika familia aliyeijua asikaange kuku wa biashara kwa miaka mitano. Nikaishika siri hiyo kufa na kupona. Mama yenu alininunia mwaka mzima. Alisema mwanamume anayemficha mkewe viungo ana mengine anayoyaficha. Shemeji yangu aliponibana kwenye harusi, nilijitia kukohoa hadi nikatolewa nje nikapepewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana aibu hii sitaweza kuisema mara mbili. Siri hiyo siijui. Nilipofika nyumbani niliifungia bahasha sandukuni kabla ya kuisoma, nikasema nitaisoma nikitulia, na ufunguo ukanidondoka kwenye bomba la maji machafu pale jikoni. Kuwaambia kampuni nikaona haya, kuvunja sanduku nikaogopa, kwa kuwa ni lao na lina namba yao. Wateja wakaja. Nikachanganya unga na chumvi, nikamwita dada yenu mkubwa, ndiyo kwanza amemaliza shule, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Onja, kama kuna kilichopungua, ongeza."

Nawe mwanangu ukaongeza. Ulidhani unaongezea kidogo tu juu ya siri ya watu, kumbe chini yake hapakuwa na kitu. Mkaguzi wa kampuni akaja, akala mapaja matatu, akaandika kwamba ndivyo hasa inavyotakiwa, na kila mwaka ameandika vivyo hivyo. Nami kila mwaka nilisimama pembeni, kifua mbele, nikipokea pongezi.

Juzi nilimweleza mwanasheria yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanisomea kifungu ambacho sikuwahi kukifikia: mkataba haumfungi mtu kwa jambo ambalo watu wote wanalijua tayari, wala alilolijua kabla ya kusaini, wala analoamriwa na hakimu kulisema, wala alilolibuni mwenyewe bila kuchungulia siri yao. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu dada yenu. Lakiri ikikutwa nzima, hakuna wa kumzuia kukaanga kuku wake popote. Ikivunjwa kwa kiherehere cha mtu mmoja, atakaa miaka mitano bila kazi, na kazi nyingine haijui. Kwa hiyo mwanasheria akija leo mpeni sanduku likiwa limefungwa, alirudishe kwa wenyewe, na jina lao mlangoni liondoeni kwa heshima. Lawama za kutofuata mapishi yao ni zangu, na ninakwenda nazo.

Ngojeni... nivute pumzi. Niinulieni mto kidogo. Mama watoto, nisamehe ule mwaka. Sikuwa na la kukuficha. Kitinda mimba, msaidie dada yako, na usiguse kufuli la mtu. Mungu awape afya, awape umoja, awalinde... nyote.

Wewe mkubwa, inama, sauti inaniishia. Miaka yote hii watu wameniuliza nani kapika kuku yule, nami nikajibu kwamba mkataba hauniruhusu kusema. Nilidanganya, mwanangu. Mkataba haukunizuia kusema... kwamba ni wewe.