Makaa Mmeweka Wapi? Sista Peninah Anatuaga

Sista Peninah Wangeci anastaafu tarehe 30 Novemba 2016, baada ya miaka kumi na sita katika idara yetu ya dharura hapa Doha. Baridi nayo inaingia Desemba. Mimi, Emily, muuguzi mwenzake, nina wasiwasi na sitauficha.

Tutamkumbuka kwa chai yake ya tangawizi na kofia ya sufu aliyoivaa hata Julai, akilalamikia baridi ya kiyoyozi. Tuliicheka hadi tukaizoea.

Januari 2008, walinzi wawili wa mtaa wa Najma, Job na Dedan, waliingiza jiko la makaa chumbani kama wafanyavyo watu kwetu nyumbani, wakafunga dirisha wakalala. Job alikata roho palepale. Dedan alipoletwa hajitambui, kidude cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia tisini na nane. Sote tuliifurahia namba hiyo, Peninah akiwemo. Kisha akanusa moshi kwenye blanketi, akaomba damu ipimwe na barakoa ya oksijeni ifungwe mara moja. Dedan alipona.

Tangu hapo Peninah hakutulia. Kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, baada ya ibada ya kanisani kule Mesaimeer, aliwasimamisha watu getini na kuwaeleza hivi: Hewa hutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama sisi tunavyomiminika kutoka kanisani. Ndivyo oksijeni inavyotoka mapafuni kuingia kwenye damu, kisha kwenye seli, na hewa chafu ikatoka kwa njia hiyohiyo. Lakini gesi ya sumu ya makaa, tofauti na moshi, haina harufu. Hukalia kiti cha oksijeni ndani ya damu na haibanduki kwa urahisi. Kidude huona viti vimejaa, kumbe seli zinakufa njaa. Wengine walimkwepa, maana hakusalimu kwanza. Aliuliza tu makaa wameweka wapi.

Sasa Dedan ameahidi kuzunguka Najma akigonga milango kuwaonya watu, nami nitakwenda naye. Hata hivyo, sina hakika tutagonga yote.

Anayenitia hofu zaidi ni Peninah mwenyewe. Anarudi kwao Kinangop, milimani kwenye ukungu, kwa mama yake anayelala na jiko miguuni, na sote tunajua anavyoogopa baridi.

Asante, Sista, kwa wote wanaopumua kwa sababu yako. Tunakutakia maisha mema na dirisha lililo wazi. Dedan atakupigia simu kila jioni ya baridi. Usikasirike akikuuliza kabla ya salamu: makaa umeweka wapi?