Maiki Aliyomwekea Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo muziki wa kufungulia kipindi nimeuzuia. Fundi mitambo ananitazama kupitia kioo kama mtu aliyeona mwenzake amechanganyikiwa, lakini asubiri kwanza. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye asingekubali nipige hata wimbo mmoja kabla ya kuniuliza, "Umejaribu?"

Tunamkumbuka Bi Rudia. Alituaga wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jina hilo alipewa na wauza spika. Akiingia dukani, muuzaji akawasha chombo, kikaimba vizuri tu, yeye husema, "Rudia." Muuzaji anarudia. "Zima. Washa. Rudia." Muuzaji mmoja aliniambia, anacheka huku machozi yanamlenga: "Nikimwona anavuka barabara, nilitamani kufunga duka. Lakini chombo alichokikubali yule mama, wateja wengine nilikuwa nawauzia kifua mbele."

Kazi yake ilikuwa karaoke. Kwa ambaye hajawahi kuhudhuria: muziki unapigwa bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye skrini, na wewe, mtu wa kawaida, unashika maiki na kuimba. Maonyesho yake yalikuwa Jumamosi mchana, kwenye ule ukumbi wa feni zinazolalamika. Madereva walipanda jukwaani, wauguzi walipanda, mafundi cherehani walipanda. Hata mimi nilipanda. Jamani, msicheke.

Sasa sikilizeni jambo lilikoanzia. Bi Rudia alipokuwa binti mdogo, mama yake mzazi alikuwa mwimbaji. Si wa bendi, wa nyumbani tu. Aliimba akifua, aliimba akipika, aliimba akiwasuka wanawe. Siku moja, kwenye harusi ya mdogo wa mama huyo, mama akaombwa aimbe. Akasimama. Alipofika katikati ya wimbo, maiki ikazima. Ikarudi na mluzi wa kutoboa masikio, kisha ikazima tena. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akaiweka maiki mezani, akarudi kukaa. Hakuimba tena. Narudia, wasikilizaji: hakuimba tena, hata jikoni.

"Nyumba ilipoa," Bi Rudia aliniambia siku moja tukikunja nyaya. "Na kosa halikuwa la mama, kaka. Lilikuwa la yule aliyeleta kidude bila kukijaribu. Mimi nitatafuta vyombo mpaka nipate ambavyo mama atavishika bila woga. Ataimba. Nakwambia ataimba."

Basi, alishika njia hiyo na hakugeuka nyuma. Akichagua maiki, hakumpa mwenye sauti nzito aijaribu. "Huyo hata ukimpa ndoo ataimbia," alikuwa akisema. Alimtafuta mwenye sauti ndogo kuliko wote, akamwambia aseme taratibu, kama anaongea na mtoto aliyelala. Mumewe, shemeji yetu, alikalishwa safu ya nyuma kabisa. Shemeji akisikia kila neno, anainua mkono. Asiposikia, anajifanya amesinzia, na kukoroma juu! Halafu, katikati ya wimbo, bila kumwambia mtu, Bi Rudia anachomoa waya wa umeme ukutani. Chombo kikinyamaza, hana habari nacho tena.

Msidhani hakuwahi kukosea. Aliwahi kununua maiki zisizo na waya, nzuri, zinang'aa, na akazipeleka moja kwa moja kwenye sherehe ya muuguzi mmoja aliyekuwa anastaafu. Kule dukani zilifanya vizuri, kwa hiyo pale ukumbini hakuzijaribu. Kumbe nje kulikuwa na gari la matangazo, na maiki yake nayo ilikuwa kwenye masafa yale yale. Muuguzi wa watu kafumba macho, anaimba wimbo wa mapenzi, mara spika zikalipuka: "Magodoro! Magodoro ya kila saizi, njooni!" Watu wakashika mbavu. Bi Rudia hakucheka. Alikimbia akachukua maiki ya waya, akamkabidhi muuguzi, akamwomba radhi mbele ya wote, wimbo ukaanza upya. Tangu hapo akawa anajaribu vyombo mara mbili: dukani, na tena pale pale vitakapofanyia kazi. Na maiki ya waya haikukosekana.

Mwisho akapata ile spika kubwa yenye betri ndani yake. Muziki humo humo, maiki humo humo. Umeme uwepo usiwepo, inaimba. Ila uzito wake! "Mke wangu," shemeji alilalamika, "hii ni spika au ni friji?" Akajibiwa, "Beba, baba, beba."

Kila Jumamosi mama mzazi alikuja, akakaa kiti cha mbele, akawapigia wengine makofi. Kila Jumamosi bintiye alimsogezea maiki. Na mama alijibu vile vile: "Itanizimikia, mwanangu. Mpe mwingine." Bi Rudia hakununa. "Haya mama. Jumamosi ijayo."

Hata hospitalini hakukata tamaa. Shemeji ananisimulia: "Namuuliza anajisikiaje, yeye ananiuliza, spika umeichaji? Akaniambia, mama atakapotaka, usije ukamwambia asubiri." Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mumewe kuhusu kazi.

Juzi mchana, wasikilizaji wapendwa, tulikutana ukumbini kumkumbuka. Shemeji aliibeba ile spika mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Nikasoma salamu. Nilipomaliza, mama mzazi akainuka kwenye kiti cha mbele. Akaja mpaka nilipo, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo maiki ya mwanangu," akasema. Akataka wimbo ule ule wa harusini. Sauti ilianza chini sana. Lakini akaimba. Jamani, akaimba!

Akafika katikati. Umeme ukakatika.

Taa zikazima, skrini ikazima, feni zikasimama. Nikamwona mama anaitazama maiki, macho ya siku ile ya harusi. Na muziki? Muziki unaendelea. Kule nyuma kabisa, safu ya mwisho, shemeji akasimama huku analia, akainua mkono juu. Mama akauona. Akavuta pumzi, akaendelea kuimba pale alipoishia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mama mzazi, pole sana. Shemeji, pole, na ahsante kwa kubeba. Watoto na ndugu wote, poleni; Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, tafakari: nyumbani kwako yupo nani aliyenyamaza siku watu walipomcheka? Umemwandalia nini ili asimame tena? Usiandae ilimradi. Andaa ukijaribu, kama Bi Rudia.

Wimbo ulipokwisha, nilikwenda kumpokea mama maiki, nikidhani amechoka. Akaishikilia. Akajifuta uso kwa kiganja, akanitazama, akasema neno moja tu.

"Rudia."